Imani Yetu Ipimwe Sokoni: Tamko la Marafiki Tunaokutana Utemini, Singida

Linatolewa kwa wakazi wa Utemini na Manispaa ya Singida kwa jumla, viongozi wa mtaa na kata, viongozi wa dini, wafanyabiashara wa masoko yetu, na Marafiki wenzetu popote walipo.

Utangulizi

Sisi ni Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki, watu ambao wengine huwaita Wakweka. Hapa Singida tu wachache. Miongoni mwetu wamo walimu, wauguzi, wakulima wa alizeti, wauza vitunguu, mafundi cherehani, waendesha bodaboda na akina mama wa vikoba. Wapo waliolelewa katika nyumba za Marafiki upande wa Mara na Kenya magharibi, wapo waliokuja na wazazi wao wakikimbia vita Burundi, na wapo Wanyaturu na Wanyiramba waliojiunga nasi wakiwa watu wazima.

Tunatoa tamko hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni maswali ya majirani: hawa ni kanisa la namna gani, mbona hawabatizi kwa maji, mbona hawaapi, mbona hawapigi kura katika vikao vyao? Jirani anayeuliza anastahili jibu, maana jibu likikosekana uvumi hushika nafasi yake. Sababu ya pili imetoka ndani yetu wenyewe. Vijana wetu husoma kwenye simu habari za Marafiki wa Ulaya na Marekani, wakakuta watu waliokaa kimya saa nzima bila mchungaji wala kwaya. Jumapili wanakuja kwenye ibada yetu yenye nyimbo, mahubiri na ngoma, kisha wanauliza: sisi ni Marafiki kweli, au tumeazima jina?

Tumelizungumza swali hilo mpaka tukaafikiana, na jibu letu ni hili. Kukaa kimya hakumfanyi mtu kuwa Rafiki, wala kuimba hakumwondolei urafiki huo. Anatambulikana kwa kipimo anachouzia, kwa neno analolitoa, kwa namna anavyomtendea aliye chini yake, na kwa anachofanya pale umati unapookota mawe. Tunauomba umma utupime kwa hayo, nasi hapa chini tunaeleza kila moja ili mtu ajue cha kutudai.

1. Tulikotoka

Jumuiya ya Marafiki ilianza Uingereza katikati ya karne ya 17, nchi ile ikiwa imechoshwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. George Fox, aliyezaliwa mwaka 1624 na kufundishwa kazi ya ushonaji viatu, alihubiri kwamba Kristo yu hai na anawafundisha watu wake mwenyewe, na kwamba ndani ya kila mtu, awe mfalme au mfungwa, mna kitu cha Mungu kinachoweza kuitika kikiitwa. Kwa mafundisho hayo Marafiki wengi wa mwanzo walifungwa, yeye mwenyewe akiwa miongoni mwao mara kadhaa.

Wengi hudhani kwamba Marafiki waliingia katika nchi zetu kwa mlango wa Kenya. Kwa kweli walitangulia Pemba. Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitangaza kuwa sheria haitautambua tena utumwa Unguja na Pemba. Mwaka huohuo Marafiki wa Uingereza, akiwemo Theodore Burtt, walinunua shamba la karafuu mahali paitwapo Banani, Pemba, ili waliotoka utumwani wapate pa kufanya kazi kwa ujira. Misheni ile haikukua ikawa kanisa kubwa. Hata hivyo ndiyo ukurasa wa kwanza wa Marafiki katika ardhi ambayo leo ni Tanzania, nao unahusu malipo halali ya mtu aliyekuwa amezoeshwa kufanya kazi bila malipo.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1902, Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi, Kenya magharibi. Walianzisha ibada, shule, tiba na kazi za mikono. Mwaka 1934 Chilson alianza kazi Kibimba, Burundi. Mwaka 1946 Marafiki wa Kenya walipata mkutano wao wa mwaka, yaani chombo chao wenyewe cha kuamulia mambo. Kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2017 na kamati ya ushauri ya Marafiki duniani, Marafiki wote walikuwa kama 377,000, na zaidi ya 119,000 kati yao walikuwa Kenya. Kwa hiyo anayetafuta sura ya kawaida ya Rafiki wa leo, atazame kwanza Vihiga, Kakamega na Bungoma, ndipo aende London na Philadelphia.

2. Ibada yetu

Hapa ndipo lilipo jibu kwa vijana wetu wanaouliza kama tumeazima jina. Katika karne ya 19 Marafiki wengi wa magharibi ya kati ya Marekani waliguswa na uamsho wa Kikristo uliokuwa ukienea, wakaanza kuwa na wachungaji, nyimbo na mahubiri yaliyopangwa. Waliokuja Kaimosi walitoka katika mkondo huo. Nyimbo zetu, basi, hazikuingia kwa mlango wa nyuma. Tulizipokea pamoja na imani, tukaziongezea sauti na ngoma zetu. Marafiki wa Uingereza waliendelea na ibada ya kimya ambayo yeyote anayeguswa na Roho husimama akasema. Wote ni warithi wa nyumba moja.

Sisi wa Utemini tunaimba, tunasoma Maandiko na kuhubiri. Vilevile tunatenga muda wa kukaa kimya, usiojazwa na kinanda wala tangazo, na katika muda huo mama, mzee au kijana ana ruhusa ileile ya kusema aliyo nayo mchungaji. Tumekubaliana kuwa muda huo hautakatwa hata siku ambayo ratiba imebana, maana ndio unaotukumbusha kuwa ibada haina mwenyewe isipokuwa Mungu.

Hatubatizi kwa maji wala hatuna meza ya mkate na divai. Tunaamini ubatizo wa Roho na ushirika na Kristo ni mambo ya moyoni yanayopaswa kuonekana katika maisha yote. Hatusemi haya kwa kuwadharau Wakatoliki, Walutheri, Wapentekoste na wengine wanaoziheshimu ishara hizo. Tunawaomba tu wasimhesabu mtoto wetu kuwa hana dini kwa sababu hana jina la ubatizo.

Jambo hili lina upande wa kiserikali pia. Familia nyingi hukitumia cheti cha ubatizo kama ushahidi wa kuzaliwa pale cheti cha kuzaliwa kinapotafutwa kwa kuchelewa. Watoto wetu hawana cheti hicho. Kwa hiyo tunamwagiza kila mzazi Rafiki amwandikishe mtoto wake kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, asingoje mpaka mtoto aombwe karatasi shuleni.

3. Ukweli: kiapo, kipimo na bei

Rafiki haapi. Msingi wetu ni Mathayo sura ya 5 na Yakobo sura ya 5: ndiyo ya mtu iwe ndiyo. Anayeapa mahakamani kwamba leo atasema kweli anaacha mwanya wa kudhani kwamba siku nyingine anaruhusiwa kusema lingine. Sheria ya nchi yetu imeliona hilo. Sheria ya Viapo, Sura ya 34, inampa mtu ambaye imani yake inamkataza kuapa nafasi ya kuthibitisha badala ya kuapa, na uthibitisho wake una uzito uleule, pamoja na adhabu ileile akidanganya. Tunawaomba mahakimu, makarani wa mahakama na mabaraza ya kata waipokee haki hiyo bila kumwona shahidi wetu kuwa mkaidi au mwenye jambo la kuficha.

Lakini kukataa kuapa ni rahisi kuliko kusema kweli sokoni. Singida inajulikana kwa vitunguu, alizeti, asali na kuku wa kienyeji, na kila kimoja kina udanganyifu wake. Mnunuzi wa vitunguu hudai lumbesa: gunia lililojazwa, likashonewa kilemba juu, likalipwa kama gunia moja. Mkulima aliyepalilia na kumwagilia kwa miezi anapoteza sehemu ya jasho lake kabla hata ya bei kutajwa. Asali huongezwa maji ya sukari. Mafuta ya alizeti huchanganywa na mafuta ya bei nafuu, kisha dumu likaandikwa kuwa ni alizeti tupu. Wakala wa Vipimo una sheria na adhabu zake, lakini mkaguzi hawezi kusimama penye kila mizani.

Tunatamka kwamba Rafiki hanunui wala hauzi kwa lumbesa, hata kama soko zima linafanya hivyo. Anapima kwa mizani iliyokaguliwa, na kilo ni kilo. Anayeuza asali au mafuta anasema kilichomo. Akikosa mteja kwa sababu hiyo, hasara hiyo tunaihesabu kuwa gharama ya imani, na umoja wetu utamsaidia kuibeba.

Juu ya bei, Marafiki wa kwanza wa Uingereza walikuwa na desturi ya kutaja bei moja kwa wote, mtoto akitumwa dukani akatozwa sawa na baba yake. Baada ya muda watu waliwapenda kwa hilo, na biashara zao zikakua. Sisi tumejiuliza kama desturi hiyo inatufaa, maana huku kwetu kupatana bei ni sehemu ya mazungumzo ya watu, na anayekataa kabisa huonekana ana kiburi. Tumeafikiana hivi: Rafiki anaweza kupunguza bei, ila hadanganyi ili aipandishe. Hasemi "hata mtaji haurudi" wakati anajua unarudi. Hamtajii mgeni bei ya mgeni. Hasemi mteja wa kabla yake alitoa zaidi ikiwa hakutoa. Tukiyaondoa maneno hayo matatu, kupatana bei kunabaki kuwa maelewano ya haki.

Vivyo hivyo juu ya rushwa, iitwayo chai au bahasha. Rafiki aliye ofisini hapokei, na Rafiki mwenye shida hatoi. Anayecheleweshewa huduma kwa sababu hiyo aje atuambie. Tutakwenda naye ofisini tukiwa wengi, kwa adabu, na kukaa mpaka atakapohudumiwa.

4. Usawa: wakubwa, wadogo na walio jikoni

Marafiki wa karne ya 17 walikataa kuwavulia kofia matajiri na mahakimu, wakapigwa na kufungwa kwa ajili hiyo. Vijana wetu wameuliza kama, kwa mfano huo, tuache kusema shikamoo. Jibu letu ni hapana. Shikamoo hapa hupewa umri, na kila mtu akijaaliwa maisha ataipokea zamu yake. Tunachokikataa ni kuigeuza iwe kodi ya cheo: mzee wa miaka 70 kumwamkia bosi kijana kwa sababu kijana ana gari na yeye anaomba kibarua. Rafiki mwenye cheo atangulie yeye kumwamkia mzee. Na katika vikao vyetu hatuna Mheshimiwa. Tuna ndugu, dada, mama na mzee, hata anapotutembelea mkubwa wa serikali.

Usawa wa mwanamke na mwanamume katika huduma ni wa zamani kwetu. Mwaka 1666 Margaret Fell aliandika kijitabu akitetea haki ya wanawake kuhubiri, akiwa gerezani. Katika kizazi chetu tunaye Profesa Miriam Were wa Kenya, Rafiki na daktari wa afya ya jamii, aliyetunukiwa mwaka 2008 tuzo ya kwanza ya Hideyo Noguchi kwa kazi yake ya kuipeleka afya vijijini kwa mikono ya wanavijiji wenyewe. Tunawaambia mabinti wetu kwamba nafasi yao katika kanisa haiishii kwenye kuwapikia wageni wanapokuja.

Mambo mawili yanatuhusu sisi wa Singida kwa namna ya pekee.

La kwanza ni ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 31 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 mkoani Singida walikuwa wamekeketwa. Sheria ya mwaka 1998 iliyoharamisha kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18 haikuumaliza ukeketaji. Wengine wameanza kuwafanyia watoto wachanga kwa siri, kwa kisingizio cha kutibu lawalawa. Lawalawa inayosemwa ni maambukizi yanayotibiwa zahanati kwa usafi na dawa. Hakuna mtoto wa Rafiki atakayekeketwa, na hakuna Rafiki atakayenyamaza akijua wa jirani anaandaliwa. Hata bibi akishikilia, tutamsikiliza kwa heshima yake yote, na mtoto hatatolewa.

La pili ni wasichana wa kazi. Mkoa wetu umepeleka mabinti wengi kwenye majiko ya Dar es Salaam, Arusha na Dodoma, na wengine wamo katika nyumba za hapa Utemini. Wanaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, na mshahara wao mara nyingi hubaki kuwa ahadi. Jumuiya ambayo katika nchi hii ilianza Banani kwa kumlipa ujira mtu aliyetoka utumwani haiwezi kuwa na dada wa kazi asiyelipwa. Rafiki anayemwajiri msichana ahakikishe ametimiza umri wa sheria, ampe mkataba wa maandishi, amlipe kila mwezi mkononi mwake, si pungufu ya kima cha chini cha serikali, ampe siku ya mapumziko, na ale naye mezani. Kila mwaka wazee wetu, wanawake kwa wanaume, watamtembelea kila Rafiki mwenye mfanyakazi wa ndani, na watazungumza na mfanyakazi mwenyewe bila mwajiri kuwapo.

5. Kiasi: harusi, mikopo na mikeka

Marafiki wa zamani walivaa nguo za rangi moja na kuishi bila mapambo. Kwetu anasa imejificha mahali pengine. Imo katika kadi za michango ya harusi zinazoingia kwenye simu kila wiki, katika ukumbi, sare, mpambaji na mshereheshaji, katika kitchen party na send-off zinazotangulia, mpaka maharusi wanaanza ndoa wakidaiwa na wenye kuchanga wamebaki na chuki. Kwetu ndoa ni ahadi ambayo wawili wanaitoa mbele za Mungu na mbele ya kusanyiko, na kusanyiko ni shahidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai notisi ya siku 21 na mfungishaji aliyeidhinishwa. Hayo tutayatimiza yote. Zaidi ya hapo, harusi ya Rafiki itakuwa na chakula cha kawaida, hakutakuwa na kiwango cha mchango, na hakuna atakayezuiwa kuingia kwa kukosa kadi. Msibani vilevile: tutachimba kaburi, tutapika na kukaa na wafiwa, lakini mjane asiuze shamba ili sisi tushibe.

Tunataja pia mikopo ya kausha damu, inayomfanya mama ntilie auze sufuria zake ili alipe riba. Rafiki hakopeshi kwa namna hiyo hata kama ana leseni. Tumeamua kuwa vikoba ambamo wanachama wetu ni viongozi vitaandika riba yake wazi, kwa Kiswahili ambacho mkopaji anakielewa, kabla hajatia sahihi.

Juu ya kubeti, msimamo wa Marafiki dhidi ya kamari ni wa karne nyingi: faida yangu isitokane na hasara ya mwenzangu nisiyempa kitu. Tunajua kijana mwenye mkeka wa kubeti mfukoni haoni kwamba anafanya dhambi. Anaona mlango pekee ulio wazi. Kwa hiyo hatutamfukuza. Tutamuuliza anahitaji mtaji wa nini, na tutakaa naye kuhesabu amekwisha poteza kiasi gani.

6. Amani: pale umati unapookota mawe

Mwaka 1660 Marafiki walimwandikia Mfalme Charles wa Pili kwamba wanakataa vita vyote na silaha zote kwa sababu yoyote ile. Msimamo huo umepita katika majaribu makali Afrika Mashariki na Kati. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa, wanafunzi Watutsi waliuawa Kibimba, palepale ilipoanzia kazi ya Marafiki nchini humo. Kuwa na kanisa mahali hakukuzuia damu. Mwaka uliofuata Wahutu na Watutsi wa pale, Marafiki wakiwemo, waliunda kamati ya amani, wakaanza kukaa pamoja tena. Kutokana na safari hiyo Marafiki wa Burundi na Rwanda walijenga mafunzo ya kuponya majeraha ya vita, ambayo aliyepoteza ndugu na aliyeshiriki kuua hukaa chumba kimoja kwa siku kadhaa. Kenya nako, vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100. Januari 2008 Marafiki walikutana Kakamega, wakaunda timu za amani zilizokwenda kwenye kambi za waliohamishwa zikiwa na chakula na masikio ya kusikiliza.

Tanzania tulizoea kuyasikia hayo kama habari za jirani. Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025 ulifuatiwa na vurugu na vifo hapa kwetu. Tunawaombea wafiwa wote bila kuuliza walikuwa upande gani, na tunatamka kwamba amani isiyo na ukweli na haki haidumu. Rafiki hatashika silaha dhidi ya raia mwenzake kwa amri ya mtu yeyote, na hatachoma mali ya mtu kwa hasira yoyote. Atasema anachoamini waziwazi, kwa jina lake, na kukubali gharama yake.

Hata hivyo, jaribu letu la kila siku ni dogo na liko karibu zaidi. Ni ile kelele ya "mwizi!" usiku, na watu wanaotoka na marungu, matairi na petroli, ambao kesho gazeti litawaita wananchi wenye hasira kali. Ni bibi kizee mwenye macho mekundu anayenong'onwa kuwa mchawi mvua ikikosekana. Tunatamka: Rafiki harushi jiwe. Akisikia kelele atoke, asikae ndani akijifariji kwamba hakushiriki. Apige simu polisi, asimame karibu na anayepigwa, na kama anaweza amkinge. Katika zamu za ulinzi shirikishi Marafiki watatembea usiku pamoja na majirani, wakiwa na tochi na filimbi. Na bibi anayenong'onwa atakuwa na Rafiki wa kumtembelea kila siku, mchana, watu wakiona.

7. Namna tunavyoamua

Vikao vyetu havina kura. Karani husikiliza, anaandika kile anachoona kusanyiko limeongozwa kukifikia, anakisoma palepale, na kama kuna anayeona hakikuandikwa sawa, tunaendelea kungoja. Mwalimu Nyerere alieleza katika maandishi yake ya mwaka 1963 jinsi wazee wa Kiafrika walivyokaa chini ya mti wakazungumza mpaka wakaafikiana. Desturi hizo mbili zinafanana, ila tunaongeza jambo moja: wanawake na vijana wapo kikaoni, na anayenyamaza kwa woga hahesabiwi kuwa amekubali. Karani anawajibika kumuuliza.

Tunajua pia hatari ya kungoja. Mwaka 1688 Marafiki wachache wa Germantown, Pennsylvania, waliandika waraka wa kupinga utumwa wakati Marafiki wenzao walikuwa na watumwa. Mkutano wa mwaka wa Marafiki wa Philadelphia uliwakataza wanachama wake kumiliki watumwa mwaka 1776, miaka 88 baadaye. Katika miaka hiyo yote waliokuwa wakingojea mwafaka hawakuwa wale waliofungwa minyororo. Kwa sababu hiyo tumeamua kwamba jambo linapomuumiza mtu leo, kikao kinaweza kungoja maneno mazuri, lakini ulinzi wa mtu huyo hautangoja.

8. Tusichokidai

Hatusemi kwa niaba ya Marafiki wote wa Tanzania, wala wa Kenya, Burundi au Uingereza. Marafiki duniani hawakubaliani juu ya wachungaji, mamlaka ya Maandiko na ndoa, na tofauti hizo ni za kweli. Mwaka 2012 walipokutana Kabarak, Kenya, kutoka mabara yote, bado waliweza kutoa wito mmoja wa amani na utunzaji wa viumbe. Hatudai kwamba sisi ni wema kuliko majirani zetu Waislamu na Wakristo wa makanisa mengine. Wapo tunaowajua ambao mizani yao ilikuwa ya haki kabla hatujafika. Wala hatutafuti wafuasi kwa tamko hili.

9. Wito na ahadi

Kwa hiyo:

a) Tunawaomba viongozi wa mtaa, kata na mahakama waipokee haki ya kuthibitisha bila kuapa, nasi tunaahidi kwamba shahidi wetu akithibitika kusema uongo hatutamtetea.

b) Tunawaomba wafanyabiashara wa vitunguu na mazao mengine tuketi pamoja na Wakala wa Vipimo ili lumbesa ikome kwa makubaliano ya soko zima, maana mkulima mmoja akiikataa peke yake mnunuzi humpita.

c) Tunawaomba viongozi wa dini zote za Utemini tukubaliane mapema nani atatoka na nani atampigia nani simu siku ya vurugu au ya mwizi kukamatwa.

d) Tunawaomba wazazi wa mkoa huu wasimtoe binti kwenda kazini mjini bila kumjua mwajiri, mshahara na namna ya kumfikia.

e) Tunawaomba Marafiki wa nchi nyingine watutembelee, waone ibada yetu, na kutuuliza maswali magumu kama tunavyojiuliza wenyewe.

f) Mtu yeyote, mwanachama au si mwanachama, aliyepunjwa na Rafiki kwenye kipimo, aliyenyimwa ujira naye, au aliyemwona amesimama na umati wenye mawe, alete habari kwa karani wa mkutano. Si lazima aje na barua. Atasikilizwa mbele ya wazee wawili, mwanamke na mwanamume, na Rafiki anayelalamikiwa ataitwa. Ikithibitika, Rafiki huyo atarudisha alichochukua, na akishindwa umoja utalipa kisha utamdai yeye. Matokeo yatasomwa katika ibada ya Jumapili inayofuata, ili aliyelalamika na majirani waliolijua jambo wasikie limeishaje.

Tamko hili limesomwa, likasahihishwa na kukubaliwa na kusanyiko zima bila kura. Litasomwa tena kila mwaka, na litabadilishwa pale ambapo tutakuwa tumeonyeshwa lililo bora.

Limetolewa Utemini, Singida.

Karani wa Mkutano, kwa niaba ya Marafiki wanaokutana Utemini